Kamba ya Mzee Kombo

Niliisikia kabla ya kuiona. Sauti ilitoka nyuma ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, nyembamba kama ya nyigu aliyefungiwa ndani ya debe, halafu ikapanda, ikapanda, mpaka mbao za gereji zikatetemeka na spana zilizotundikwa ukutani zikagongana kama vijiko kwenye sinia la harusi. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimeshika bisibisi na sijaonyeshwa hata choo kiliko. Nilidhani ndege inaanguka. Nikatoka mbio.

"Usikimbie," alisema bosi wangu, Walt, bila kuinua kichwa. "Itakuja yenyewe."

Ikaja. Ilipita mbele ya gereji juu ya nyasi za kijani, mwezi wa tisa, jua linawaka, ikirusha madongo nyuma yake juu kuliko paa. Haikuwa na magurudumu. Mbele ilikuwa na skii mbili, vile vibao vya kuteleza, chini ilikuwa na raba pana inayozunguka yenye misumari ya chuma, na juu yake alikuwa amelala mzee mwembamba, ndevu nyeupe zikichungulia chini ya helmeti. Pikipiki ya theluji, mahali ambapo theluji huanguka mara mbili tatu kwa mwaka na kuyeyuka kabla watoto hawajapata glavu zao. Mimi mtu wa Kitale nilisimama nje ya gereji nikicheka peke yangu kama mwehu. Nilijua nimefika mahali pangu.

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi wakaguzi vijana mlioachiwa banda langu mmeniomba niandike ninavyokumbuka. Mmeniomba kwa Kiswahili, kwa kuwa wengi wenu mna wazazi wa Mombasa, Bukavu au Moshi, na mmoja wenu amedai kuwa kitabu cha sheria kwa Kiingereza humpa usingizi. Mshahara na vyeo sitavigusa. Vyeo vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuja na koti la rangi ya machungwa lililonibana mabegani.

Gereji ya Walt ilikuwa nje kidogo ya Upper Marlboro, kwenye shamba la familia yake. Siku za kazi tulitengeneza mashine za kukatia nyasi, jenereta na misumeno. Jumamosi tulifungua mlango wa nyuma, zikatoka sledi. Ndivyo tulivyoziita uwanjani, kwa sababu hakuna anayeweza kupiga kelele akisema "pikipiki ya theluji" kabla haijafika mwisho wa njia. Mbio zenyewe ni nyepesi kueleza: sledi mbili, njia mbili zilizonyooka juu ya nyasi, mita mia na hamsini, anayefika wa kwanza ameshinda. Huchukua muda mfupi kuliko kusema bismillahi na kuimaliza.

Walt alikuwa Mmarekani mweusi wa Maryland aliyezaliwa pale pale shambani. Siku ile ya kwanza alinifungulia ubavu wa sledi na kuniuliza ninaona nini. Nikaona magurudumu mawili ya chuma na beliti kati yake. Nikacheka tena.

"Hii naijua," nikamwambia. "Hii ni mashine ya posho ya baba yangu."

Na kweli naijua. Baba alikuwa na mashine ya kusaga mahindi nje ya Kitale, na nilikua nikinusa beliti inayoungua kabla sijajua kusoma. Baba alikuwa na vidole vinane. Viwili vilichukuliwa na beliti iliyokatika siku aliyoacha kurudisha kifuniko kwa sababu wateja walikuwa wengi. Nilimsimulia Walt. Akanipa tochi.

"Basi wewe ndiye utakayekuwa unafunga vifuniko," akasema.

Alinifundisha kukagua kwa mikono. Jicho ni mvivu, alisema, linaona linachotegemea kuona. Kwa hiyo nilijifunza kupitisha kidole chini ya kila nati, kuzungusha raba kwa kiganja na kusikiliza msumari uliolegea, kunusa klachi kabla sijaitazama. Alinifundisha pia toroli la barafu. Sledi imeumbwa kupozwa na theluji. Juu ya nyasi za Maryland itapozwa na nani? Basi kila baada ya mbio tulichomeka mipira miwili ubavuni na kusukuma maji ya barafu ndani ya injini, nayo ikitoa mvuke na kulia kama sufuria inayotiwa maji baada ya kuungua. Mnalo toroli la kisasa sasa, lenye pampu ya betri. La Walt lilikuwa pipa na mkono wangu wa kulia. Ndiyo maana mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto.

Yule mzee wa ndevu nyeupe alikuwa Mzee Kombo, mtu wa Pemba, dereva wa teksi aliyekaa Columbia Heights. Yeye ndiye aliyewaleta watu wetu kwa Walt. Aliiona sledi imepakiwa nyuma ya lori kwenye foleni, akamfuata mwenye lori mpaka shambani, abiria akiwa bado kiti cha nyuma. Abiria huyo alikuwa Papa Mbuyi, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa akienda kazini Arlington. Siku hiyo hakufika kazini. Wiki iliyofuata alirudi na helmeti.

Sledi ya Mzee Kombo ilikuwa ya buluu na iliitwa Bi Mkubwa. Mkewe hakulipenda jina hilo. "Yule ndiye mkubwa, mimi ndiye wa jikoni?" alimuuliza mbele yetu sote, na mzee akajibu, "Yakhe, yule hanisemi nikichelewa." Aliichonga klachi yake mwenyewe kwa tupa, akiongeza na kupunguza uzito wa vyuma vidogo, mpaka sauti yake ikawa tofauti na ya sledi nyingine yoyote. Ilianza na mkoromo mfupi, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusoma hotuba. Mimi mwenyewe alinifundisha kuendesha. Alinilaza juu ya Bi Mkubwa, akanipiga kofi la helmeti, akasema, "Bonyeza mafuta na usifikiri." Nilibonyeza. Sikufikiri. Nilipofika mwisho nilikuwa nalia na sijui kwa nini, na nikageuka nikaomba tena.

Hizo zilikuwa mbio za ridhaa. Ninyi mmezikuta zimekwisha, kwa hiyo niwaeleze. Hapakuwa na taa za kuanzia. Papa Mbuyi, kama hakimbii, alisimama katikati na kuangusha leso. Hapakuwa na makundi. Muuguzi alishindana na mshona viatu, sledi mpya na sledi iliyofungwa kwa waya. Watu walikaa juu ya marobota ya nyasi makavu, karibu sana na njia, wakila mishikaki. Walt alikuwa na sheria tatu: usilewe, usikimbie bila helmeti, usipite nyuma ya sledi iliyoinuliwa kwenye stendi. Yaliyobaki tuliachia heshima. Siku theluji ilipoanguka kweli, ya kufika magotini, hakuna aliyekuja kukimbia. Nusu ya madereva wetu walikuwa wauguzi na wahudumu wa wazee, na siku ya theluji hakuna anayewapokea zamu.

Nilizipenda mbio hizo kuliko nilivyopenda chakula. Lakini Jumamosi moja beliti ya mtu mmoja ilipasuka katikati ya njia, na klachi haikuwa na kifuniko. Kipande kilipita juu ya marobota kikavua kofia ya mzee aliyekuwa ameketi. Kofia tu. Watu walicheka, na mwenye kofia akacheka kuliko wote. Mimi niliona mkono wa baba. Nikamwambia Walt kuanzia leo hakuna sledi itakayoingia njiani kabla sijaishika.

Ndivyo lilivyoanza banda la ukaguzi. Lilikuwa banda la mabati la kuku, tulilolifagia siku mbili na bado likinuka kuku mwaka mzima. Mpangilio mnaoutumia mpaka leo ni ule ule: kifuniko, raba, breki, kamba. Tatu za kwanza mtazijua kwa mkono. Ya nne ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Kamba ya kuzimia injini ni fupi, haizidi urefu wa mkono. Ncha moja huchomekwa kwenye swichi ya sledi, ncha nyingine hufungwa kwenye kifundo cha mkono wa dereva. Dereva akirushwa, kamba inachomoka, injini inakufa. Isipochomoka, au ikichomoka na injini isife, una mashine yenye misumari mamia inayokwenda peke yake kuelekea kwenye marobota ya nyasi na watu wanaokula mishikaki. Hakuna njia ya kuikagua kwa jicho. Lazima injini iungurume, dereva aketi, na wewe uvute.

Nikawavuta wote, isipokuwa mmoja.

Jumamosi ya kwanza, Mzee Kombo alipoingia bandani, nilinyoosha mkono kuelekea kifundo chake. Alinitazama tu, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyempitishia mguu mbele ya chakula.

"Mama Rosa," akasema Papa Mbuyi nyuma yangu, taratibu. "Pardon, lakini huyu si wa kuvutwa. Huyu ni baba wa uwanja."

Kwetu mtu mzima humvuti kitu mkononi. Humpokonyi funguo, humfungulii begi kumkagua. Nikarudisha mkono, nikasema, "Shikamoo, mzee," akasema, "Marahaba, mwanangu," na akapita. Kuanzia hapo hata wazo halikunijia tena. Nilipiga magoti nikakagua kifuniko chake, raba yake, breki yake, na kwenye kamba nikamwamkia. Miaka minne. Mkiniuliza kosa langu kubwa kazini, si boliti niliyoisahau. Ni shikamoo.

Kisha ikaja barua ya kaunti. Nyumba mpya zilikuwa zimefika ng'ambo ya barabara na wenye nyumba hawakupenda sauti. Barua ilisema kwa maneno mengi jambo moja: uwanja wa mbio lazima uwe na kibali cha chama cha mashindano, pamoja na bima na wakaguzi waliofunzwa, usipokuwa nacho, ufungwe. Walt aliisoma akiwa amesimama kwenye toroli la barafu. Alikuwa mzee sasa. Alijua shamba likifungwa, litajengwa nyumba kama zile za ng'ambo, na mbio zetu hazitapata mahali pengine.

Tulibishana mchana kutwa.

"Mbio za karatasi!" alisema Mzee Kombo. "Nikimbie nikiwa nimejaza fomu? Wallahi hiyo ni pilau bila bizari."

"Pilau gani, mzee?" alisema Wanjiru, muuguzi wa Nyeri ambaye alikuwa dereva wetu mkali kuliko wanaume wengi. "Bila kibali hakuna sufuria. Wacha zako."

"Wewe Wanjiru unataka kibali kwa sababu umechoka kushindwa na mimi."

"Nimekushinda mara ngapi? Sema ukweli, mwezi mtukufu unakuja."

Watu walikufa kwa kicheko, na mzee pia. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: siku chama kitakapokuja kutupima, sledi ya kwanza kuingia njiani iwe Bi Mkubwa. Tukakubali. Ilikuwa haki yake.

Walt alinipeleka kwenye mafunzo ya ukaguzi ya chama, wiki mbili. Nilirudi na cheti, koti la machungwa na kitabu kinene cha sheria. Humo mna sheria moja ambayo nawaomba muikariri. Kifaa kilichoharibika kinatengenezwa, kisha kinakaguliwa tena, na dereva anakimbia. Kifaa cha usalama kilichochezewa makusudi kinamtoa dereva kwa siku nzima, hata akikirekebisha hapo hapo mbele yako. Asubuhi ya siku ya kupimwa niliisoma kwa sauti mbele ya madereva wote, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mzee Kombo alikuwa mstari wa mbele, akichezea ndevu.

Chama kilimtuma mwanamke mmoja, Bi Janet, mwenye faili jekundu na viatu vya mpira. Hakutabasamu wala hakukasirika. Alisema ataangalia siku nzima, na mwisho wa siku ataandika ndiyo au hapana.

Nawaambieni, sijawahi kuona asubuhi nzuri kama ile. Umande umekauka, nyasi zimekatwa fupi kama kichwa cha askari, marobota yamerudishwa nyuma hatua thelathini, nguzo ya taa imesimama mwanzoni mwa njia, gari la wagonjwa liko tayari. Sledi ishirini na moja kwenye foleni. Harufu ya petroli na mishikaki. Watu walikuja hata kutoka Baltimore. Moyo wangu ulikuwa ukiunguruma kabla ya injini yoyote.

Bi Mkubwa aliingia bandani wa kwanza. Mzee alikuwa amemng'arisha mpaka nikaona uso wangu kwenye boneti. Bintiye, Zuhura, alishika mlango wa mabati. Nyuma yangu alisimama Walt, na kando yake Bi Janet na faili lake.

Kifuniko, safi. Raba, safi, hakuna msumari uliocheza. Breki, inashika kama jino. Nikasema, "Mzee, washa." Akawasha. Mkoromo mfupi, halafu ile sauti. Nikanyoosha mkono.

Akanitazama. Mtazamo ule ule wa miaka minne nyuma.

"Shikamoo, mzee," nikasema, na nikavuta.

Kamba ikachomoka. Injini ikaendelea.

Nilidhani nimekosea. Niliishika kamba ikining'inia mkononi mwangu na Bi Mkubwa akaendelea kunguruma, kwa raha, kama mtu asiyejua kuwa msiba umeingia nyumbani. Nikamwambia mzee azime kwa ufunguo. Nikapiga magoti nikainua bamba dogo chini ya usukani. Palikuwa na waya mwekundu, mfupi kama kidole, umeunganisha pande mbili za swichi na kuviringishwa tepu nyeusi. Kazi safi kabisa, kama kazi zake zote.

Mzee aliinama. Alinong'ona kwa Kiswahili ili Bi Janet asielewe.

"Mtikisiko ulikuwa unaizima katikati ya njia, mwanangu. Mbuyi alinishinda kwa ajili hiyo, mara mbili. Nikaunga. Sema imeharibika. Nitoe waya sasa hivi, dakika moja, nirudi kwenye foleni."

"Mzee..."

"Neno moja tu. Imeharibika. Rosa. Nani alikufundisha kuendesha?"

Nikamtazama Walt. Walt alikuwa akitazama viatu vyake. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba nikimfukuza mtu wa kwanza kwenye foleni, baba wa uwanja, mbele ya chama, huenda Bi Janet akasema uwanja huu umeoza tangu mizizi. Na nikimpitisha, nani angejua? Waya ungetoka kwa dakika moja. Shamba lingebaki. Nilihisi uzito wa kila Jumamosi niliyopata kucheka pale.

Kisha nikaona vidole vya baba, vinane, vikinifunga vifungo vya sare ya shule.

"Imechezewa," nikasema kwa Kiswahili. Halafu nikageuka nikamwambia Bi Janet kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

Mzee Kombo alivua helmeti. Ndevu zake zilikuwa zimelowa jasho. Nilingoja anitukane, ingenisaidia. Zuhura, aliyezaliwa hapa, ambaye Kiswahili hukielewa chote lakini hukijibu kwa Kiingereza, safari hii alisema, "Baba, twende nyumbani." Wakamsukuma Bi Mkubwa mpaka kwenye trela, wawili peke yao, kwa sababu hakuna mtu aliyejua kama ni heshima kuwasaidia au ni kuwaumbua.

"Alikuwa akikimbia hivi kwa muda gani?" akaniuliza Bi Janet.

"Sijui," nikasema. "Sikuwahi kumvuta kamba. Wengine wote nilivuta. Yeye hapana."

"Kwa nini?"

Jaribuni kueleza shikamoo kwa Kiingereza mbele ya faili jekundu. Nilisema, "Kwa sababu ni mzee wetu."

"Liandike hilo," akasema, akanipa kalamu.

Nikaliandika, na jina langu chini yake. Kisha nikaita sledi ya pili.

Siku ilikwenda. Taa ziliwaka, sledi mbili za kwanza zikaondoka, Wanjiru na Papa Mbuyi, na nyasi zikaruka, na watu wote wakapiga yowe moja ambalo nadhani lilifika mahakamani Upper Marlboro. Alasiri, nilivyosimuliwa baadaye, kwenye mbio zake za tatu Wanjiru aligonga tuta dogo akarushwa. Aliviringika mara mbili, akainuka, akajipangusa. Sledi yake ilikwenda hatua kumi bila yeye, ikanyamaza, ikasimama. Watu wakampigia makofi, wakarudi kwenye mishikaki yao. Kazi yetu ikifanyika vizuri hakuna cha kusimulia. Mzee Kombo hakuona. Alikuwa ameondoka zamani.

Kibali kilikuja kwa posta baada ya wiki tatu, na sharti moja limeongezwa kwa mkono: hakuna dereva atakayesamehewa hatua yoyote ya ukaguzi, awe nani. Walt alikiweka kwenye fremu. Mpaka leo kiko juu ya toroli la barafu.

Sitawadanganya kuwa hatukupoteza kitu. Leso ya Papa Mbuyi ilistaafu kabla yangu. Mshona viatu hashindani tena na yeyote amtakaye. Ana kundi lake. Zamani mtu angeweza kufika na sledi iliyofungwa waya na kuondoka bingwa, na kulikuwa na furaha ndani yake ambayo hakuna stika ya ukaguzi itakayoirudisha. Nikisikia watu wakisema ridhaa ilikuwa upuuzi, nawauliza kama waliwahi kuketi kwenye robota. Lakini watu huleta watoto sasa, na mimi nalala.

Mzee Kombo hakurudi. Nilimkuta mara mbili tatu Columbia Heights, akitoka dukani na mifuko. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Basi. Lile "mwanangu" aliliacha. Msimu ukapita, wa pili, wa tatu. Walt alifariki majira ya baridi, akamwachia mpwawe shamba na mimi banda.

Jumamosi yangu ya mwisho ilikuwa ya kawaida. Niliomba wasinifanyie sherehe, wakanifanyia. Nilikuwa nimeinama juu ya klachi ya mtu niliposikia, mbali, upande wa maegesho, mkoromo mfupi, kama mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba. Sikuinua kichwa. Nilimwambia kijana aliyetaka kwenda kuchungulia, "Usikimbie. Itakuja yenyewe."

Wakaingia. Bi Mkubwa aking'ara vile vile, Zuhura akisukuma, mzee amekonda zaidi lakini amevaa helmeti mpya. Alinipa fomu. Ilikuwa imejazwa yote, kwa mwandiko wake wa madrasa uliolala. Kwa sheria za chama, asiyekuwa na rekodi rasmi huanzia kundi la chini. Mahali pa kuandika kundi, baba wa uwanja alikuwa ameandika: wanaoanza.

Kifuniko. Raba. Breki. Niliinua bamba chini ya usukani, ingawa sikuwa na lazima. Swichi mpya, nyaya mbili zilizotengana.

Akawasha. Nikafungua kinywa kumwamkia, lakini alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, kiganja juu, kamba kifundoni.

"Vuta," akasema. "Kwanza vuta. Salamu baadaye."

Nikavuta. Kimya kilichoanguka kilikuwa kikubwa hata tukasikia barafu ikiyeyuka ndani ya pipa.

"Mkono wako bado mzito, mwanangu," akasema akisugua kifundo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, stika yangu. Nimepangwa na mtoto wa chuo, nataka nimfundishe adabu."

Niliibandika mwenyewe, katikati ya boneti, nikaipiga kiganja mara mbili. Mnajua kuwa mkaguzi haoni mbio. Bandani kuna kazi, na njia iko upande wa pili. Tangu niingie bandani nimezijua mbio kwa sikio. Vijana waliniambia nitoke, ni siku yangu ya mwisho, nikatazame. Nikavuta kiti changu karibu na ukuta wa mabati, mahali ninaposikia vizuri. Mzee akashusha kioo cha helmeti. Zuhura akasukuma, mimi nikashika mlango mpaka mkia wa Bi Mkubwa ukapita salama juu ya kizingiti, kisha nikauachia, ukajifunga nyuma yao.